Betri za redio

Bibi harusi alikuwa ameshakalishwa mkekani, miguu ameinyoosha, hina ya wayo wa kushoto bado mbichi. Shangazi yake akamshika kidevu, akamwinua uso kunielekea. "Haya mpiga picha. Sasa."

Nikasukuma swichi.

Kimya.

Nikairudisha, nikasukuma tena. Kioo cheusi. Kile kitaa cha pembeni hakikuwaka. Nikachomoa betri, nikairudisha. Nikaweka nyingine niliyokuwa nimekesha nikiichaji. Kimya kile kile. Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika, na chumba kizima kikageuka kunitazama.

Ilikuwa Ngamiani, Tanga, Aprili 2025, ndani ya Mfungo Mosi, mwezi ambao harusi zote zilizosubiri Ramadhani iishe humwagika kwa pamoja. Usiku wa hina ni wa wanawake peke yao. Mwanamume haingii na kamera yake, na hiyo ndiyo riziki yangu kwa miaka tisa sasa. Usiku ule nilimalizia kazi kwa simu ya mdogo wake bibi harusi. Picha zilipatikana, lakini si picha walizonilipa nipige. Nusu ya pesa niliirudisha kabla hawajaniomba.

Mwanzo wa makala haya nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Kila nikianza na kamera yangu, moyo unakwenda kwenye kamera ya mtu mwingine. Nitaifikia.

## Ndoo ya mchele

Shangazi yangu aliposikia, hakusita. Masika yameingia, alisema, kamera imekunywa unyevu, itie kwenye mchele. Nikaizika kwenye ndoo ya mchele siku tatu. Kila asubuhi naifukua, naipangusa vumbi jeupe, nasukuma swichi, naizika tena.

Watu wengi bado wanafanya hivi kwa simu na kwa kamera, kwa hiyo niseme ninachokijua. Kifaa kilicholowa hakiuliwi na maji peke yake. Kinachokimaliza ni chumvi na uchafu vinavyobaki maji yakishakauka, na umeme wa betri unaopita kwenye ule unyevu ukiila shaba taratibu. Mchele hauondoi chumvi. Unaongeza unga wake tu kwenye matundu. Dawa ya kwanza ya kifaa kilicholowa ni kutoa betri papo hapo, kabla hata ya kukipangusa. Sisi tunaokaa na bahari mlangoni tuna adui wa ziada, hewa yenyewe, ndiyo maana vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu tunavyovikuta kwenye maboksi ya viatu mimi sivitupi, navitia kwenye mkoba wa kamera.

Ila kamera yangu haikulowa. Hakuna tone lililoigusa siku ile. Nilikuwa natibu ugonjwa ambao hakuna aliyeupima.

## "Bodi imekufa, dada"

Siku ya nne nikaipeleka kwa fundi wa simu, kijana mwenye mikono myepesi na foleni ndefu. Alishika mita, akagusisha nyaya zake mbili kwenye betri. Volti 8.1.

Betri ya kamera kama yangu imeandikwa volti 7.2 ubavuni, lakini ndani yake mna betri mbili za lithiamu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na kila moja ikijaa hufika volti 4.2. Kwa hiyo 8.1 ni betri iliyoshiba. Fundi hakukosea hapo.

"Betri nzima, kamera haiwaki," akasema. "Bodi imekufa, dada."

Dakika mbili. Hata mkanda wa shingoni nilikuwa sijauvua.

Akaniambia bodi ni ghali kuliko kamera yenyewe ilivyo sasa. Kama nataka, ataichukua kwa elfu sitini, aitoe spea. Nikakubali. Nasema wazi kwamba nilikubali, na tena nilihisi nafuu. Baada ya siku nne za kubonyeza na kuomba dua, mtu anayejua alikuwa ameniambia imekwisha. Neno "imekufa" linapumzisha. Kitu kibovu kinakudai, kilichokufa hakikudai chochote ila kuzikwa.

Kilichoniokoa ni kwamba hakuwa na pesa taslimu. Akasema nirudi Jumatatu.

## Umeme umeishia wapi

Jumapili nilikuwa napita barabara za nyuma huko huko Ngamiani nikamwona mzee mmoja anayetengeneza redio barazani kwake. Nimempita maisha yangu yote. Meza yake imejaa redio zilizofunguliwa matumbo, na risasi ya kuchomelea imeviringishwa kwenye kipande cha mti. Sikuwa na sababu ya maana ya kusimama. Kamera ilikuwa begani, nikasimama.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nini hicho?"

Nikamweleza. Nikamwambia na habari ya bodi. Hakuitikia habari ya bodi. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

"Mara ya mwisho iliwaka lini? Na baada ya hapo ulishika nini?"

Ikabidi nikae chini nikumbuke. Iliwaka magharibi, nikiwa napiga picha za makawa na sahani za hina. Betri ikaonyesha mstari mwekundu. Nikaenda kubadilisha kwenye ngazi, gizani, mkono mmoja umeshika taa ya simu. Nikaweka betri mpya, nikaufunga mlango kwa kuukandamiza na nyonga kwa sababu nilikuwa naitwa. Nikaingia chumbani. Basi, haikuwaka tena.

"Ulishika vitu viwili," akasema. "Betri na mlango. Betri imepimwa. Mlango?"

Nilidhani ananitania. Mlango wa betri ni kipande cha plastiki. Unafunika tundu.

Akaufungua, akauinua kwenye mwanga, akanionyesha ukingo wake wa ndani. Kwenye mlango mzima panatakiwa pawe na kijino kidogo kinachochomoza. Kwangu palikuwa na kovu jeupe. Kisha akanielekeza nitazame ndani ya tundu la betri, pembeni kabisa, penye kitufe cheusi kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Akatwaa kijiti cha kuchokolea meno, akakikandamiza kile kitufe, akaniambia nisukume swichi.

Kioo kikawaka.

Nilitoa sauti ambayo watoto waliokuwa wanacheza barabarani waliisikia.

Kamera hizi zina swichi iliyofichwa kwenye mlango wa betri, na nyingi zina nyingine kwenye mlango wa kadi. Kazi yake ni kuizuia kamera isikatiwe umeme ghafla ikiwa bado inaandika picha kwenye kadi. Mlango ukifunguka, kamera inajua, inafunga hesabu zake. Kijino kikivunjika, kamera inaamini mlango uko wazi milele, na kamera yenye mlango wazi haiwaki, hata uitie betri ya dhahabu.

Mzee akanieleza anavyofanya kazi, na mimi tangu siku ile naifuata njia yake. Umeme ni msafiri. Anaondoka kwenye betri, anavuka vibati vya shaba, anapita swichi ya mlango, anapita fyuzi, ambayo kwenye vifaa hivi ni chembe kama ya ufuta iliyochomelewa kwenye bodi, anafika kwenye swichi ya kuwashia, ndipo anaingia bodi. Unamfuata kituo kwa kituo, unauliza ameishia wapi. Vibati vikiwa na ukungu unavisugua kwa raba ya kufutia penseli. Kadi mbovu nayo inaweza kuigandisha kamera, itoe ujaribu bila kadi. Lenzi vilevile, itoe ujaribu bila lenzi. Acha kamera bila betri nusu saa, umeme uliosalia ndani uishe, ujaribu tena. Vyote hivyo havihitaji bisibisi.

Nikamwomba basi aifungue, aangalie kama na fyuzi ni nzima. Akakataa. Ndani ya kamera yenye flashi, akasema, kuna kapasita inayohifadhi umeme wa zaidi ya volti 300, na unakaa humo hata kamera ikiwa imezimwa na betri imetolewa. Yeye ameshapigwa nao. Na haina haja, akasema, msafiri ameshafika.

Pesa hakuchukua. Mlango mpya uliagizwa Dar es Salaam, ukaja na basi baada ya siku kumi na moja, shilingi elfu kumi na tano. Kile kijino nilikikuta baadaye kwenye mshono wa mkoba wangu, kidogo kama punje ya mchele.

## Usiku ule

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nikapika, nikala, nikaihamisha kamera kutoka meza hadi meza kwa raha ya kuiona tu. Nikalala.

Nikaamka saa nane usiku na sauti yangu mwenyewe masikioni.

"Hii imekufa, babu yangu."

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mzee, mstaafu wa reli. Mwanawe anayefanya kazi Muscat alimletea kamera ndogo ya mkononi, zile zinazotumia betri mbili za ukubwa wa AA, kama za saa ya ukutani. Babu hakuwa mpiga picha. Alikuwa na kazi moja tu na ile kamera. Kila Idi, watoto wakishatoka kuswali na kabla hawajazichafua nguo, anawapanga wajukuu barazani kwa kimo, kuanzia mrefu hadi anayebebwa, anasimama mahali pale pale kwenye kizingiti cha jirani, anapiga picha moja. Idi el-Fitri moja, Idi el-Haji moja. Kwa mwaka picha mbili. Mwanawe akija likizo anaondoka nazo, anazisafisha Muscat, zinarudi zimewekwa kwenye albamu.

Siku mbili kabla ya Idi el-Fitri ya 2021 alikuja kwetu na kamera imefungwa kwenye leso. Haiwaki, mwanangu. Ameweka betri mpya kutoka dukani, haiwaki.

Nilikuwa nasafisha picha za harusi, nina haraka. Sikuziamini betri zake za dukani, hapo nilijiona makini. Nikaenda kwenye redio yetu ya jikoni iliyokuwa inaimba wakati ule ule, nikatoa betri zake mbili, nikaziweka kwenye kamera. Kimya. Nikazirudisha kwenye redio. Redio ikaimba.

Betri nzima, kamera haiwaki. Nikamwambia imekufa.

Dakika mbili, kama kijana yule.

## Chupa na jagi

Nilichokuwa sikijui mwaka ule, na kila anayeuza au kuazima kamera ndogo angepaswa kukijua, ni hiki.

Betri za bei nafuu za dukani, zile tunazonunua kwa redio na tochi, ni za zinki na kaboni. Zinatoa volti 1.5, na mita itakuambia hivyo hivyo, 1.5, wakati mwingine zaidi zikiwa mpya. Lakini mita haibebi mzigo. Inaonja tu. Redio nayo inakunywa kidogo kidogo, inaweza kuimba wiki nzima kwa betri ile. Kamera ya kidijitali hainywi hivyo. Ikiwaka inataka kwa mkupuo mmoja umeme wa kusukuma mota ya lenzi, kuwasha kioo, kuamsha bodi. Betri ya zinki na kaboni ina ukinzani mkubwa ndani yake, ni kama chupa yenye mdomo mwembamba: maji yamo, hayamwagiki kwa kasi. Ukiidai kwa nguvu, volti zake zinaporomoka, na kamera ikiona volti zimeporomoka inajizima, au haijiwashi kabisa.

Betri za kuchaji, zile zilizoandikwa NiMH, ubavuni zinasoma volti 1.2. Kwa macho ni dhaifu kuliko za dukani. Lakini hizo ni jagi. Zinamwaga. Kamera inawaka nazo na inapiga mamia ya picha. Zipo pia za alkalaini, ambazo zinaiwasha kamera ila haziichukulii muda mrefu.

Njaa hii kamera zimezaliwa nayo. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa Kodak, kule Rochester, Marekani, alipounda kamera ya kwanza ya kidijitali, chombo cha kilo tatu na nusu na ushei kilichochukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, alikitia betri 16 za kuchaji. Kumi na sita. Mimi nilitoa mbili kwenye redio ya jikoni.

Sikutaka kwenda kwa babu na nadharia. Rafiki yangu wa Chumbageni ana kamera ndogo ya aina ile ile ya betri mbili. Nikaiazima. Nikanunua betri mpya za redio dukani kwetu, nikaziweka: lenzi ikajongea nusu, ikanasa, giza. Jaribio la pili hata lenzi haikujongea. Nikaweka za kuchaji. Ikafunguka kama ua.

Nilikaa na ile kamera mezani muda mrefu. Nilikuwa nimeomba, kwa kweli, jaribio lishindwe.

## Wiki tatu

Ungetarajia niondoke hapo moja kwa moja mpaka nyumba ya tatu. Sikwenda. Nilipita mlangoni kwake asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Shikamoo babu. Marahaba mwanangu. Napita.

Nilijiambia labda kamera yake ilikufa kweli, kwa sababu nyingine, na nitamfufulia tumaini bure. Nilijiambia miaka minne ni mingi, itakuwa ameshampa mtoto achezee. Nilijiambia wajukuu wana simu, picha za Idi zipo tele. Hili la mwisho nililichunguza, nikamuuliza mkwewe kwa kupitia pembeni. Picha za simu zilikuwapo, ndiyo, nyuso mbili tatu zimebanana, simu moja iliibwa, nyingine ilianguka majini. Mstari wa barazani haukupangwa tena. Aliyekuwa anawaita wajipange kwa kimo ni babu, na babu alipoambiwa kamera imekufa aliacha kuwaita.

Nikahesabu. Kuanzia Idi el-Fitri ya 2021 hadi Idi el-Fitri ya 2025.

Idi tisa.

Ukweli niliokuwa naukwepa ni mdogo na mzito. Nikienda na kamera yake ikawaka, furaha yake ndiyo itakayonishtaki. Isipowaka, nitapona. Nikajikamata natamani kamera ya mzee wa watu iwe imekufa kweli ili neno langu liwe lilikuwa sahihi. Hapo ndipo nilipojiogopa. Yule fundi wa simu nilikuwa nimeshamlaumu kwa kila niliyekutana naye, kijana wa haraka, hakupima. Yeye angalau alitumia mita.

Idi el-Haji ilikuwa imebaki wiki moja. Kama ni kwenda, ilikuwa sasa, la sivyo zinakuwa kumi.

## Kopo la biskuti

Nilikwenda baada ya swala ya alasiri, na betri nne za kuchaji zilizojaa, raba ya kufutia, na pamba. Nikamkuta barazani. Nilikuwa nimeamua kusema kabla ya kuigusa kamera, ili nisije nikajificha nyuma ya kuwaka kwake.

"Babu, ile kamera uliyoniletea mwaka ule. Nilikwambia imekufa."

"Ehe."

"Sikuipima vizuri. Nilitia betri za redio. Zile haziwashi kamera, hata kamera nzima. Inawezekana haikuwa imekufa."

Akanyamaza. Mtaani palikuwa na kelele zake za kawaida, bodaboda, watoto, muuza kahawa na vikombe vyake. Akazivumilia zipite.

"Mimi nilikuja kwako," akasema, "kwa sababu wewe ndiye unayejua."

Hakukuwa na hasira ndani yake. Alikuwa anaeleza tu jinsi mambo yalivyokuwa. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilisema nisamehe babu, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Akatoka na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na shanga za tasbihi iliyokatika, funguo, na kamera imeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Nikafungua mlango wa betri huku nimejiandaa kukuta ule unga wa kijani na mweupe wa betri zilizovuja. Betri zikisahaulika ndani kwa miaka, huvuja na kula vibati vyote. Nilikuwa na hakika mimi siku ile sikumwambia azitoe.

Tundu lilikuwa tupu, safi.

"Nilizitoa siku ile ile," akasema. "Taa zetu za reli, ukiiweka taa bila kutoa betri, ulikuwa unapata barua."

Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nikavisugua vibati kwa raba mpaka vikarudisha rangi, nikapuliza, nikapangusa kwa pamba kavu. Nikatia betri. Nikabonyeza.

Kimya.

Nikamtazama. Alikuwa anaitazama kamera, si mimi. Kisha nikakumbuka mlango. Kamera hizi ndogo zina springi kali zinazosukuma betri nje, na mlango unaweza kuonekana umefungwa kumbe umeinuka kidogo, betri hazigusi. Nikaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukalia, nikaushikilia hivyo hivyo, nikabonyeza tena.

Lenzi ikatoka, taratibu, kwa mkwaruzo, kifuniko chake kikafunguka nusu na kunasa. Nikakisukuma kwa ncha ya kidole. Kioo kikawaka, kikauliza tarehe. Kamera iliyokaa muda mrefu bila betri husahau siku, kwa kuwa chaji ndogo inayoshikilia saa yake huisha. Picha haisahau, hizo zimo kwenye kadi.

Picha ya mwisho ilikuwa ya Idi el-Haji ya 2020. Watoto saba barazani, kanzu na magauni, jua limewapiga usoni wote wamekunja macho. Wa kwanza kushoto, msichana mrefu, sasa yuko Muscat kwa baba yake mdogo. Wa mwisho kulia amebebwa mgongoni kwa dada yake. Huyo aliingia barazani wakati ule ule na daftari za madrasa, akachungulia kioo, akauliza, "Huyu mtoto nani?"

Babu akamwambia. Mtoto akakataa.

Sikukaa na furaha niliyoitegemea. Ilikuwapo, lakini nilikuwa naona na pengo, kati ya mtoto wa kwenye kioo na huyu aliyesimama mbele yetu na meno ya mbele yameng'oka. Hakuna betri ya kulijaza.

Babu aliichukua kamera mkononi mwangu, akaizima, akaiwasha, akaizima. Akauliza kwa nini betri ya 1.2 ishinde ya 1.5. Nikamweleza habari ya chupa na jagi. Akasikiliza hadi mwisho, akanyanyuka, akaingia ndani, na nikasikia redio yake ikikatika katikati ya taarifa ya habari. Akarudi na betri zake mbili mkononi. Akatoa zangu kwenye kamera, akazipanga mstari kwenye ukingo wa baraza. Akatia za redio, akaufunga mlango, akaukandamiza kwa gumba kama alivyoniona mimi, akabonyeza. Giza. Akabonyeza tena. Giza. Akazitoa, akarudisha za kuchaji, akabonyeza.

Lenzi ikatoka.

Akarudia yote tangu mwanzo, mara ya pili, bila kunitazama. Kisha akampa mjukuu betri za redio azirudishe ndani, akararua ukurasa wa kalenda ya ukutani, akaugeuza upande mweupe na kunisogezea kalamu.

"Haya," akasema. "Niandikie jina lake, na unieleze zinauzwa duka gani."